Gugu Usilolijua Bustanini: Jembe, Matandazo, Nailoni au Dawa?

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Mwanza, kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, bustani za nyumbani hujaa mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Mingi kati ya hiyo mwenye bustani anaifahamu: mchicha pori, mgagani, kishona nguo. Shida huanza pale unapotokea mmea usiofahamika, ukang'olewa leo, na baada ya wiki mbili ukarudi mahali palepale ukiwa mwingi zaidi. Hapo ndipo wengi hukimbilia duka la pembejeo kuomba dawa ya magugu, na muuzaji ambaye hajauona mmea wenyewe huuza ile iliyopo kwenye rafu.

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo mkazi wa Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Victoria anaweza kuzipata bila shida: palizi ya mkono, matandazo, kuunguza udongo kwa nailoni, na dawa ya kuua magugu. Msimamo wangu ni kwamba hakuna njia iliyo bora kwa kila gugu, na kwamba kinachopaswa kuamua si ukubwa wa bustani wala fedha iliyopo mfukoni, bali namna gugu lenyewe linavyojihifadhi chini ya udongo. Anayeweza kujibu swali hilo moja anaweza kuchagua vizuri hata kabla hajalijua jina la gugu lake.

Kulitambua: simu, mtu au jembe

Programu za simu kama PlantNet na Google Lens hufanya kazi vizuri pale mmea unapokuwa na ua, na picha ikapigwa kwa karibu, mchana, jani likiwa limetandazwa juu ya karatasi nyeupe. Kwa nyasi na kwa miche michanga programu hizo hubahatisha, na mara nyingi huleta majina kadhaa ya mimea ambayo kwa macho ya kawaida inafanana. Zinasaidia kufupisha orodha, lakini hazifai kuachiwa uamuzi wa mwisho. Mzee wa jirani aliyelima kwa miaka mingi anajua mambo ambayo simu haiyajui: gugu hilo huota baada ya mvua ipi, ng'ombe hulila au hulikwepa, na lilifika mtaani pamoja na nini. Hata hivyo jina analolitaja, liwe la Kisukuma, la Kikerewe au la Kijita, huweza kubeba mimea miwili tofauti. Afisa ugani wa kata ndiye anayefaa zaidi kuthibitisha, ilimradi apelekewe mmea mzima wenye mzizi na ua, ukiwa umefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo, badala ya kusimuliwa kwa simu. Kwa jambo linalomshinda, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kipo wilayani Misungwi, kusini mwa jiji.

Wakati majibu hayo yanasubiriwa, jembe linaweza kutoa jibu muhimu zaidi siku hiyohiyo. Mwagilia sehemu ndogo yenye gugu jioni, na asubuhi yake chimbua bonge la udongo lenye kina cha shubiri moja pamoja na mmea wenyewe, kisha ulisuuze taratibu ndani ya beseni mpaka mizizi ibaki peupe. Usivute mmea kwa juu, kwa kuwa sehemu unayoitafuta ndiyo itakayokatika na kubaki ardhini.

Tuchukue ndago, gugu linalosumbua bustani nyingi katika ukanda huu, na ambalo wengi hulidhania kuwa nyasi. Shika shina linalobeba ua, ulizungushe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, nawe utahisi kona tatu. Shina la nyasi huwa la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani, ilhali la ndago limejaa na halina kifundo hata kimoja. Majani nayo hutoka kwa pande tatu, si mbili. Ndani ya beseni utaona uvimbe mdogo chini ya shina, na kutoka hapo uzi mwembamba mgumu unaoelekea kwenye kiazi cheusi kilicho sawa na punje ya harage. Kutoka kwenye kiazi hicho unatoka uzi mwingine hadi kiazi kingine, na kingine tena, vikiwa vimetungwa kama shanga. Ukikipasua kiazi kimoja kwa ukucha, ndani ni cheupe na kina harufu kali. Huyo ni Cyperus rotundus. Ndugu yake mwenye maua ya rangi ya dhahabu hubeba viazi kwenye ncha za nyuzi tu, navyo ni vitamu na huliwa.

Magugu mengine hayahitaji maelezo marefu hivyo. Sangari huonyesha mashina meupe yenye vifundo na ncha kali yanayopita chini ya udongo, wakati ukoka hutambaa zaidi juu ya ardhi na kushusha mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Kishona nguo hutoka mzima, kikiwa na mizizi myepesi isiyoacha kitu nyuma. Gugu teketeke litambaalo, lenye ua dogo la buluu, ambalo baadhi ya watu huliita kongwe na wataalamu Commelina benghalensis, lina siri ambayo wengi hawaioni: chini ya udongo hutoa vijitawi vilivyopauka vinavyochanua na kuzaa mbegu hukohuko gizani. Kiduha nacho huota karibu na mahindi, mtama, ulezi au mpunga, kwa sababu mzizi wake umejishikiza kwenye mzizi wa zao na kunyonya kutoka humo.

Kwa hiyo beseni moja la maji linakupa makundi manne: magugu yanayoishi kwa mbegu peke yake, magugu yenye viazi au mashina ya chini ya ardhi, magugu yanayoota upya kutoka kila kipande kilichokatwa, na magugu nyonyaji. Makundi haya manne ndiyo yatakayoongoza ulinganisho unaofuata.

Kabla ya hapo, kuna tahadhari mbili ambazo haziwezi kusubiri. Katika ukanda wetu magugu mengi ni mboga, na ni jambo zuri kwamba mgagani na majani machanga ya kishona nguo huishia chunguni. Lakini mnanaha, wenye majani mapana ya harufu mbaya, maua meupe ya tarumbeta na matunda yenye miiba, una sumu katika kila sehemu yake, na ukiwa mchanga unaweza kuchumwa pamoja na mboga nyingine. Mmea usioujua usiuonje ili kuutambua. Tahadhari ya pili inahusu gugu karoti, lenye majani yaliyochanwachanwa na vijiua vingi vyeupe, ambalo limekwisha kuenea katika maeneo ya kaskazini mwa Tanzania, hasa Arusha. Gugu hilo huwasha ngozi na kuleta shida ya kupumua kwa baadhi ya watu, hivyo ling'olewe kwa glavu, kabla ya kuchanua, na afisa ugani apewe taarifa.

Palizi ya mkono

Palizi ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa gharama ya fedha na ghali kuliko zote kwa nguvu za mwili. Dhidi ya kishona nguo, mchicha pori na magugu mengine ya mbegu, haina mshindani katika bustani ndogo, kwa sharti moja la wakati: ifanyike kabla ya maua kukomaa. Mmea mmoja wa kishona nguo hutoa maelfu ya mbegu, na katika joto la Mwanza huweza kuzaa zaidi ya kizazi kimoja kwa mwaka. Palizi iliyochelewa huwa ni kazi ya kusambaza mbegu kwa mikono yetu wenyewe na kwa pindo za nguo zetu.

Hali hubadilika kabisa gugu linapokuwa na viazi au mashina ya chini. Jembe la kawaida hukata. Kila pigo linalopita kwenye uzi wa ndago hutenganisha viazi ambavyo awali vilikuwa vimelala, kwa kuwa katika mnyororo mzima kiazi cha mbele huwazuia wenzake kuchipua. Ukikata mnyororo, kila kimoja huamka. Kwa sangari ni vilevile, kwani kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanzisha mmea mpya. Katika kundi hili, basi, chagua uma wa shambani badala ya jembe, kwa sababu uma huinua bila kukata na mashina ya sangari hutoka yakiwa marefu.

Aina ya udongo nayo ina neno lake. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga uliotokana na mawe ya vilima vyetu, inawezekana kuchimbua tuta zima kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, ambamo viazi vingi vya ndago hukaa, na kuupitisha udongo kwenye chekeche la mafundi wa ujenzi. Ni kazi ngumu, lakini kwa tuta dogo la mboga huifanya ndago ipungue kwa namna ambayo hakuna njia nyingine inayoweza kuifikia kwa siku moja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga kazi hiyo haiwezekani: ukiwa mbichi hunata, ukikauka huwa mabonge magumu yasiyopita kwenye chekeche lolote. Mwenye udongo wa mbuga anapaswa kutegemea ratiba, yaani kung'oa kila chipukizi la ndago kila baada ya wiki 2, bila kuruka, ili kiazi kitumie akiba yake kuchipua na kisipate muda wa kutengeneza viazi vipya. Njia hiyo huchukua misimu, nami naona ni haki msomaji ajue hivyo tangu mwanzo, kwa sababu wanaoiacha katikati hurudi walikoanzia.

Mwezi Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, palizi hupata msaada ambao haulipiwi. Viazi vya ndago na mashina ya sangari yaliyochimbuliwa na kuachwa juani hukauka na kufa, ilimradi visirudi kugusana na unyevu. Kulima bustani mara moja au mbili katika miezi hiyo, na kuiacha bila kumwagilia, kunafaa kuliko palizi nyingi za masika.

Kwa kiduha, palizi ina faida ya baadaye tu. Madhara kwa mahindi hufanyika chini ya ardhi wiki kadhaa kabla kiduha hakijaonekana juu, hivyo kuking'oa hakuokoi zao la msimu huo. Kinachookolewa ni misimu ijayo, kwani mche mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu.

Matandazo dhidi ya nailoni

Njia hizi mbili watu huzichanganya kwa sababu zote hufunika udongo, lakini zinafanya kazi kinyume. Matandazo huzuia mwanga na kuuweka udongo katika ubaridi na unyevu. Nailoni angavu huingiza mwanga, hunasa joto na kuzipika mbegu zilizopo juu ya udongo. Ya kwanza hutumika mazao yakiwa yamesimama, ya pili hutaka tuta tupu.

Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 7 hadi 10 yanatosha kuzuia sehemu kubwa ya magugu ya mbegu katikati ya nyanya, sukuma wiki au bamia, na kwenye luseni yana faida ya ziada ya kuhifadhi maji. Mwanza hatuna uhaba wa malighafi. Maganda ya mpunga hupatikana kwenye mashine za kukoboa, ingawa ni mepesi na upepo wa ziwani huyahamisha, hivyo ni vema yakawekwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa na kuloweshwa. Nyasi zikatwe kabla ya kuzaa mbegu. Gugumaji lililoopolewa ziwani linafaa pia, baada ya kukaushwa kabisa mbali na maji, lakini lisipelekwe likiwa bichi kwenye bustani iliyo karibu na bwawa la samaki, mfereji au mto, kwa sababu huko litaanza maisha mapya. Kasoro ya matandazo yote katika maeneo yetu ni mchwa, kwa hiyo yasigusane na shina la papai wala la mche mwingine wowote.

Dhidi ya ndago, matandazo ya nyasi hayatoshi. Chipukizi lake lina ncha kali inayopenya nyasi, maboksi yaliyolowa, na hata nailoni nyeusi. Hapa kuna tofauti ambayo inafaa kujulikana na kila anayetaka kununua nailoni: chini ya nailoni nyeusi chipukizi hubaki limejikunja gizani na kutoboa likitafuta mwanga, ilhali chini ya nailoni angavu hupata mwanga mapema, hufungua majani yake, na majani yaliyofunguka hayana tena ncha ya kutobolea; hubaki hapo na kuungua. Kwa ndago, kwa hiyo, nailoni angavu ni bora kuliko nyeusi, jambo ambalo ni kinyume cha mtazamo wa wengi.

Utaratibu wake ni kumwagilia tuta mpaka lilowe, kutandika nailoni ikiwa imenyooka, kufukia kingo zote kwa udongo, na kuiacha kwa wiki 4 hadi 6 katika kipindi cha jua kali. Bila maji joto haliendi chini, na bila kingo kufukiwa joto halikai. Mbegu nyingi zilizo katika sentimita chache za juu hufa. Viazi vya ndago vilivyo chini zaidi huweza kubaki hai, na kwa sababu hiyo nailoni naihesabu kuwa hatua ya kwanza ya kupunguza, itakayofuatwa na kung'oa kwa ratiba. Mtu mwenye matuta mawili pekee, ambayo familia inayategemea kwa mboga za kila siku, hawezi kuyafunga yote kwa wiki hizo, afunge moja.

Kuna aina ya tatu ya kufunika ambayo naipenda kuliko zote mbili, nayo ni mmea hai. Ndago, ukoka na sangari vinapenda jua, na hudhoofika vikikaa kivulini. Marando ya viazi vitamu yakipandwa kwa nafasi ndogo na kupaliliwa vizuri katika wiki za mwanzo, hufunga ardhi na kuacha giza chini yake, huku familia ikichuma matembele. Kunde, ngwara na maboga hufanya kazi inayofanana na hiyo. Njia hii haiui viazi vya ndago kwa msimu mmoja, bali huvinyima jua la kujijazia akiba, tena bila bustani kukosa chakula hata wiki moja.

Dawa ya kuua magugu

Muuzaji makini wa pembejeo atauliza, "Mama, hilo gugu lina majani mapana au membamba, na limeota katikati ya zao gani?" Asiyeuliza hayo hafai kununuliwa kwake. Dawa hizi hazifanani, na tofauti zake ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Glaifosati huingia kupitia majani na kusafiri mpaka kwenye viazi na mashina ya chini, ndiyo maana ina uwezo dhidi ya sangari na, ikirudiwa, dhidi ya ndago inayokua kwa nguvu. Haichagui, mchicha ukiguswa hufa pamoja na gugu. Huhitaji saa kadhaa bila mvua baada ya kunyunyizwa. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba glaifosati hushikwa na chembe za udongo, hivyo ikichanganywa na maji ya tope yaliyotekwa kwenye dimbwi au ukingoni mwa ziwa, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia ndani ya bomba kabla haijafika shambani. Kongwe nalo huistahimili kuliko magugu mengi, na bustani inayonyunyizwa glaifosati mara kwa mara huweza kuishia kutawaliwa na gugu hilo moja. Kuhusu afya, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, wakati wadhibiti wengine, likiwemo shirika la mazingira la Marekani, hawakukubaliana na hitimisho hilo. Mimi nachukulia mvutano huo kuwa sababu tosha ya kutoitumia mahali watoto wanapochezea.

Dawa ya 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi, kwa hiyo haina kazi dhidi ya sangari, na katika bustani iliyochanganywa huleta hasara, kwani mvuke wake ukipeperushwa na upepo hupinda majani ya nyanya, papai, maharage, na hasa pamba ya jirani. Atrazini hutumika kwenye mahindi na hubaki ardhini kwa muda, hivyo mboga zitakazofuata huweza kuathirika. Kwenye luseni hushuka na maji kuelekea kwenye visima. Parakwati huunguza majani pekee bila kugusa viazi, kwa hiyo ndago hurudi, na funda dogo likimezwa huua mtu bila ya kuwa na dawa ya kulitengua. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Sioni bustani ya nyumbani inayoihitaji.

Pamoja na hayo yote, si kweli kwamba dawa haina nafasi kabisa. Mtu anayefungua kiwanja kilichojaa sangari kotekote, mbali na maji, kabla hajapanda chochote, anaweza kutumia glaifosati mara moja kwa kufuata lebo na kisha kuendelea na njia nyingine. Dawa inunuliwe ikiwa kwenye chombo chake chenye lakiri na lebo, iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 kusimamia afya ya mimea na viuatilifu, na kamwe isinunuliwe iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kwa walio kando ya ziwa, kama Luchelele, Igombe au Kayenze, ushauri wangu ni mfupi: msitumie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, na hata nje ya mita hizo miteremko yetu ni mikali na mvua moja kubwa hubeba udongo wa juu mpaka kwenye maji yanayotekwa na kuvuliwa samaki. Chumvi, ambayo baadhi ya watu huimwaga kwenye magugu wakidhani ni ya asili na salama, huharibu udongo kwa mazao pia. Siki ya jikoni huunguza majani machanga na kuacha mizizi.

Ipi kwa nani

Mpangaji wa Igoma au Buhongwa mwenye matuta machache ya mboga, ambaye beseni limemwonyesha mizizi myepesi isiyo na viazi, achague palizi ya mapema pamoja na matandazo, na asitumie fedha kwa kitu kingine. Mwenye ndago kwenye luseni aanze na chekeche au nailoni angavu wakati wa kiangazi, kisha apande marando ya viazi vitamu mvua zikianza. Mwenye ndago kwenye mbuga aache chekeche na aende moja kwa moja kwenye ratiba ya wiki 2 na marando. Mwenye sangari atumie uma, si jembe, na akusanye kila kipande. Mwenye kongwe ang'oe baada ya mvua udongo ukiwa laini, aondoe na vijitawi vya chini, kisha afunike kwa matandazo mazito.

Mwenye kiduha kwenye mahindi, kwa mfano kule Kisesa na Magu ambako mahindi na mtama hurudiwa katika ardhi ileile kila mwaka, yuko katika hali ya pekee, kwa kuwa kati ya njia nne zilizolinganishwa hakuna inayomtosha. Anachohitaji ni kubadilisha zao. Karanga, kunde na soya huweza kuzichochea mbegu za kiduha kuota bila kuzipa mzizi wa kunyonya, na mbegu iliyoota bila mwenyeji hufa. Desmodiamu, jamii ya kunde inayopandwa katikati ya mistari ya mahindi huku majani ya malisho yakizungushiwa shamba, hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Mfumo huo ulikuzwa na watafiti wa icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, katika kituo chao cha Mbita, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, na unafaa hasa kwa mwenye ng'ombe au mbuzi, kwa sababu desmodiamu na nyasi hizo ni malisho mazuri. Samadi nayo husaidia, kwa kuwa kiduha hushamiri zaidi kwenye udongo uliochoka.

Mabaki yapelekwe wapi

Uamuzi huu hudharauliwa, ilhali ndio unaofanya gugu lirudi au lisirudi. Magugu ya mbegu yaliyong'olewa kabla ya kuchanua yanafaa kwa mboji au yaachwe juu ya tuta yawe matandazo. Yenye mbegu zilizokomaa yanafaa kwa mboji pale tu rundo linapopata joto la nyuzi 55 na zaidi na kugeuzwa mara kadhaa, jambo ambalo marundo mengi madogo ya nyumbani hayalifikii; kama hakuna uhakika, yachomwe. Samadi mbichi ya ng'ombe ihesabiwe katika kundi hilohilo, kwani mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai, na gugu jipya bustanini mara nyingi limekuja na samadi hiyo au na udongo ulioletwa kwa gari. Viazi vya ndago na vipande vya sangari visiingie kwenye mboji hata kidogo: vianikwe juu ya mwamba au bati mpaka vivunjike kwa mkono, na mawe ya kuanikia Mwanza hayajawahi kukosekana. Kiduha kilichokwisha kuchanua kichomwe, na kibebwe ndani ya mfuko uliofungwa kutoka shambani hadi mahali pa moto, kwa sababu mbegu zake ni vumbi na hupukutika njiani.